Makopo Mawili ya Kimea

Siku ya tatu nilipiga magoti mbele ya ndoo, nikabandika sikio kwenye mfuniko na kusikiliza. Kimya. Kile kidude cha plastiki kilichochomekwa kwenye mfuniko, ambacho karatasi ya maelekezo iliahidi kitaanza kutoa mapovu ndani ya siku moja, kilikuwa kimetulia na maji yake. Nilikizaba kofi. Najua kuzaba plastiki kofi ni ujinga, lakini nilikuwa nimeamka alfajiri siku tatu mfululizo kukikagua kabla ya kwenda kazini, na hasira ilikuwa lazima imwangukie mtu.

Vifaa hivyo nilirithishwa na mfanyakazi mwenzangu aliyesoma ng'ambo akarudi na tabia ya kujipikia bia nyumbani. Alipohamishiwa mkoa mwingine hakutaka kuhangaika navyo, akaniachia vyote: ndoo kubwa yenye bomba chini, kidude, mpira wa kuhamishia, na makopo mawili ya kimea kilichochemshwa huko kilikotoka mpaka kikawa kizito kama asali. Kila kopo lilikuwa na pakiti yake ya hamira. "Rahisi sana dada," aliniambia. "Chemsha maji, mimina kopo, weka sukari kilo moja, tia hamira, funika, nenda zako. Utakunywa bia nzuri kwa bei ya soda." Siku ile ya tatu ningempata karibu, asingerudia neno rahisi.

Sikuwa napika bia kwa starehe. Baba alikuwa ametimiza mwaka kaburini kule Bahi na msiba wake ulikuwa bado haujafungwa. Katika ukoo wetu msiba haufungwi kwa chai na maandazi. Hupikwa pombe, na hupikwa pale anapolala mjane. Wazee huja wakainywa, kisha mjane huulizwa anataka kuishi wapi, na atakalosema ndilo hilo. Bia ya dukani siku hiyo haihesabiki hata ulete kreti za kujaza sebule, na mimi pesa za kujaza sebule sikuwa nazo.

Mama alikuwa akilala kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, tangu tulipomzika baba. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alinipigia simu mwanzoni mwa mwezi.

"Tunakuja Jumamosi ya mwisho. Kama hapo kwako haipikiki sema mapema, tumchukue mama yako tukapike huku."

"Itapikika, baba mdogo."

Nilijibu kabla hajamaliza. Nilijua wakimchukua harudi tena. Mama ana presha, na kule kijijini akizidiwa usafiri ni bodaboda. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikiwaambia watu. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa nimezoea kurudi nyumbani nikamkuta mtu. Niliishi peke yangu miaka mingi nikijisifu kwamba sihitaji mtu, na mwaka mmoja tu wa mama ulinitoa kwenye sifa hizo kabisa.

Nilipomweleza alikuwa kwenye mkeka, akichambua karanga. Hakuinua hata kichwa.

"Nitapika mimi," alisema. "Kimea cha uwele ninacho."

Kweli alikuwa nacho, mfuko mzima chini ya kitanda, alikuja nacho kutoka kijijini kama wengine wanavyokuja na mashuka. Nikamwambia hapana. Nilimpa sababu kama mwanasheria: magoti yako, moshi, majirani tunaochangia nao ukuta watasema nimefungua kilabu, na watu wa jumuiya wanaosali hapa kila Alhamisi watanusa nini?

"Si kwenye nyumba hii, mama."

Zote zilikuwa sababu, ila ya kweli ilikuwa moja nayo sikuitaja. Mama alitusomesha kwa pombe. Sare yangu ya shule ilikuwa ikianikwa karibu na mapipa, na darasani wenzangu walikuwa wakiziba pua nikipita, wanaigiza walevi, wanapepesuka mpaka kwenye dawati langu. Nilipojenga hapa mjini niliapa harufu ile haitavuka kizingiti changu. Bia ya kopo niliiona tofauti. Ilikuwa na karatasi ya Kiingereza na picha ya jani.

"Haya, mwanangu," mama alisema, akaendelea na karanga zake.

Basi nikaanza, na kila kitu kikaanza kunipinga. Maji ya bomba letu yana chumvi, ikabidi ninunue madumu ya mtu anayeleta kwa mkokoteni. Karatasi ilitaka kila chombo kioshwe mpaka kisiwe na kijidudu, na Dodoma upepo ukivuma, vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nilichemsha, nikaosha, nikafuta, nikaosha tena. Nilipomimina kimea na maji ya moto kwenye ndoo nilikuwa nimechoka na jasho linanitiririka. Karatasi ilisema subiri vipoe. Nilisubiri kadiri ya uvumilivu wangu, ambao si mwingi, nikatia hamira, nikafunika.

Ndiyo hiyo iliyokaa kimya. Siku ya tano nilifungua. Juu palikuwa na utando mweupe na harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Mama alikuja akasimama nyuma yangu na fimbo yake.

"Hamira uliiua," alisema. "Maji yalikuwa ya moto. Ungetia kidole ungejua."

"Ulikuwepo, mama! Ulikuwa umekaa pale pale kwenye kigoda unaniangalia!"

"Hukuniuliza."

Nilimwaga lita zaidi ya ishirini kwenye mtaro wa nyuma. Kuku wa jirani walikuja, wakaonja, wakaondoka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, si kilio cha maana, cha hasira tu.

Lilibaki kopo moja, na siku kumi. Karatasi ilitaka wiki moja ndani ya ndoo na mbili ndani ya chupa. Hesabu ilikuwa haikubali, lakini nilijiambia joto la Dodoma litaharakisha. Safari hii nilisubiri maji yapoe mpaka nikatia kidole, nikihakikisha mama hayupo karibu kuniona. Karatasi ilitaka pia ndoo ikae mahali pa baridi, na baridi hiyo kwetu haipo mchana. Niliizungushia gunia nikalilowesha, nikaiweka koridoni panapopita upepo, na kila niliporudi kutoka ofisini nililowesha tena. Kesho yake kidude kikaanza kutoa mapovu. Nilipiga vigelegele peke yangu koridoni. Kwa siku nne tano nilikuwa mtu mwema, nasalimia hadi watu nisiowapenda.

Halafu mapovu yakapungua, yakaisha. Jumatano, siku tatu kabla ya wageni, nilifungua bomba nikaonja kikombe. Ilikuwa nyepesi, imepooza, ina uchungu wa ajabu nyuma ya ulimi na ladha ya unga wa mkate ambao haujaiva. Nilimtumia ujumbe mwenzangu wa makopo. Akajibu kwamba ni kawaida, itie kwenye chupa na sukari kidogo, baada ya wiki mbili itakuwa safi sana. Wiki mbili! Nilikuwa na wazee kumi na wawili wanakuja Jumamosi, watu waliokunywa pombe ya uwele tangu wanaota ndevu, na mimi ningewawekea mezani maji haya yaliyopooza. Baba mdogo angeonja, angeweka kata chini taratibu, angesema kwa upole kwamba hapa haikupikika. Kisha angemwambia mama afunge mzigo.

Alhamisi niliwahi kutoka kazini. Kutoka getini tu niliinusa. Harufu ilikuwa imejaa uani, nzito, tamu na chachu kwa pamoja, ile ile. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka, sufuria yangu kubwa ya sikukuu ina uji wa uwele unaopoa, na mama ameinama juu ya ndoo yangu iliyo wazi, mkono umezama mpaka karibu na kiwiko, anakoroga. Mfuko wa kimea ulikuwa umebaki nusu. Kidude changu nilikikuta kwenye karai la vyombo vichafu.

"Mama, umefanya nini?"

"Ilikuwa imenyamaza," alisema bila kusimama. "Pombe ikinyamaza imekufa. Nimeiamsha."

"Karatasi inasema isifunguliwe! Isifunguliwe! Na mkono umetia!"

"Karatasi haijawahi kunywa."

Hapo nilipasuka. Nilimfokea mama yangu mzazi uani, mchana kweupe, watu wa jumuiya wakiwa wanakaribia kuja. Nilimwambia hiyo ndiyo sababu nilimkataza. Nilimwambia harufu hiyo ilinitia aibu utoto wangu wote, kwamba nilikuwa nikikaa dawati la mwisho kwa ajili yake, kwamba nimejenga nyumba hii ili nisiinuse tena. Maneno yaliyokuwa yamekaa miaka thelathini yalitoka yote kwa pamoja, na nilipotaka kuyazuia yalikuwa yamekwisha.

Mama alitoa mkono kwenye ndoo. Aliukung'uta, akausuuza kwenye beseni, akajifuta kwa khanga. Alimimina uji uliopoa, akaongeza konzi mbili za kimea, akafunika kwa ungo. Akapita pembeni yangu akaingia ndani. Alhamisi hiyo watu wa jumuiya walisali, na hakuna aliyeuliza harufu. Mmoja tu, mama wa makamo anayekaa nyumba ya pili, alininong'oneza wakati wa kutoka, "Mkiichuja nikumbukeni na mimi." Nilitamani kumrushia kiatu.

Ijumaa ndoo ilikuwa inapumua. Hakuna neno jingine. Povu lilipanda mpaka likainua ungo, na mama aliichuja kwa kichujio alichokishona mwenyewe, taratibu, bila kuniita. Nilijipeleka mwenyewe nikamshikia kando ya kitambaa. Nilitaka kuomba radhi. Nikajiambia Jumamosi ipite kwanza, kichwa kitakuwa kimetulia.

Walifika kabla ya saa nne, kwa gari la kukodi, kofia mikononi.

"Mbukwa!" baba mdogo alitusalimu kwa Kigogo kutoka getini.

"Shikamoo, baba mdogo. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Tumeinusa toka barabarani. Leo tumefika."

Waliomba, wakamtaja baba. Kisha ndoo ikaletwa katikati. Kwetu mpishi huonja wa kwanza, mbele ya watu wote, wajue hakuna ubaya uliotiwa. Bila yeye kuonja, hakuna anayegusa.

"Aliyepika aonje," baba mdogo alisema.

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha, amevaa khanga mpya niliyomnunulia. Alinionyesha kwa kidevu.

"Ndoo ni yake," alisema.

Ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kusema, ndefu tu, wote wakinitazama. Nilichukua kata nikaonja. Ilikuwa nzuri. Uchungu wa kopo ulikuwa bado upo kwa mbali, lakini juu yake palikuwa na uwele, na uhai, na uchachu unaokuita urudie. Baba mdogo alimwaga kidogo chini kwa ajili ya kaka yake, akanywa, akafumba macho.

"Eeh! Kumbe mkono wa mama yako umeurithi!"

Wakacheka, wakanisifu, kata ikazunguka. Nilishukuru kila sifa. Nilikuwa na furaha, kwa sababu imepikika, imepikika kwangu, na hakuna wa kumchukua mama tena.

Ndoo ilipofika nusu baba mdogo aliweka kata chini na kumgeukia mama. Alimwita shemeji, akamwambia msiba umefungwa, mzigo umetuliwa, sasa ni hiari yake. Angependa kuishi wapi?

"Mwanangu amenitunza," mama alisema. "Chakula nakula, dawa napata, maji yako ndani. Simlalamikii mbele ya mtu." Akajivutia khanga mabegani. "Nitarudi na nyie."

Si mahali pa mtoto kuingilia, lakini niliingilia. "Kwa nini, mama? Kwa nini, wakati pombe imekubalika?"

Alinitazama bila hasira yoyote. Afadhali ingekuwa hasira.

"Mwaka mzima hapa nimekaa kwenye mkeka," alisema. "Siku moja tu nimefanya kazi yangu, na siku hiyo ukanifokea."

Wazee waliangalia chini. Mzee mmoja wa pembeni, asiyesikia vizuri, hakuwa ameelewa lolote. Alininyooshea kata yake akisema pombe hii ni tamu kweli, niongeze. Niliipokea kwa mikono miwili nikamjazia.