Magoti ya Mjomba Idarusi

Vijana wa siku hizi wanaingia na kaptula mpaka msibani, na ukisema neno wanakuona umepitwa na wakati. Mimi sibishani nao. Nimezaliwa Ngamiani, nimesoma mpaka darasa la nne enzi ambazo wasichana waliosoma mtaani kwetu walikuwa wa kuhesabu, na niliyoyaona nimeyaona. Nataka kueleza habari za mjomba wangu Idarusi, mdogo wake mama yangu, kwa sababu siku aliyozikwa niliwasikia watu wakisema alikuwa na kiburi, aliacha mke kwa ajili ya nguo. Nguo ilikuwamo, sikatai. Kiburi hakikuwamo.

Mjomba alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Mavazi yake yalikuwa msuri, ile nguo ya kujifunga kiunoni mpaka vifundoni, shati jeupe la mikono mirefu na kofia; Ijumaa, kanzu. Shati la maua hakuvaa. Nguo nyekundu hakuvaa. Siku moja mtu alimpa kofia ya jua ya Kizungu, akaishika kama aliyekabidhiwa sufuria ya watu, akamrudishia. Hayo yalikuwa mapenzi yake tu, watu walicheka wakapita. Kaptula ilikuwa jambo jingine.

Alikuwa mpima nguo dukani kwa Mhindi mmoja pale Ngamiani. Mwaka wa hamsini na tatu yule Mhindi akafunga duka akahamia Mombasa, na mjomba akabaki kibarua: leo anashona magunia ghalani, kesho hakuna magunia. Wakati huo ameshamwoa Semeni, binti Mzee Hatibu, mwaka wa pili huo, hawajapata mtoto. Semeni alikuwa mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujafika mlangoni kwake. Mumewe akirudi atamwita, "Bwana Magunia, karibu! Leo umemshona nani?" Na mjomba, yule aliyekuwa hacheki na mtu, atacheka mpaka kofia imkae upande.

Baba mkwe hakucheka. Alimwita mjomba barazani kwake akamwambia waziwazi, "Idarusi, sikumtoa binti yangu aende akale kwa kubahatisha. Nataka uwe na kazi ya mwezi. Ramadhani ikiingia huna, namrudisha nyumbani."

Mjomba akazunguka mji mzima. Hotelini walimtaka, lakini kazi ya kubeba chupa za pombe hakuweza kuifanya. Bandarini walimtazama kifua wakamwambia arudi akishanenepa. Mwisho akaja Luka. Huyu Luka alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mluteri, tarishi katika ofisi moja mjini, na urafiki wao ulianzia pale dukani. Alikuja kwetu na baiskeli ya ofisi, akaiegemeza ukutani, akaanza kuongea hata kabla hajakaribishwa.

"Kazi ipo. Tarishi mmoja amerudi kwao. Nimekwisha kukusemea kwa karani."

"Mungu akulipe," akasema mjomba. "Mnavaa nini?"

"Mtu mwenye njaa haulizi nguo! Shati la kaki, soksi mpaka hapa, kaptula ya kaki."

Mjomba akautazama msuri wake.

"Nini tena? Umeambiwa uvae gauni?"

"Suruali ndefu hawatoi?"

"Suruali ndefu ni ya makarani, ndugu yangu. Bwana mkubwa anataka tarishi aonekane miguu. Sijui ataila."

"Luka, mimi nina wakwe mji huu huu."

"Na mimi wangu wako wapi, mwezini?"

"Wako Lushoto."

Luka akajikuna shingo. "Hapo umenishinda," akasema. "Mama mkwe wangu akiniona hivi ataomba nirudishiwe ng'ombe."

Kwa asiyejua niseme kidogo. Dini yetu inamtaka mwanamume ajifunike kitovu mpaka magoti, na kaptula za siku zile ziliishia katikati ya paja. Juu ya hilo kuna mkwe. Mwanamume wa pwani alikuwa hali mbele ya mama mkwe wake, hatanii mbele yake, hasimami kichwa wazi. Akikutana naye njiani anampisha, anainamisha macho, anaamkia, basi. Mama mkwe wa mjomba, Bi Mwamvua, alikuwa na meza ya viungo sokoni Ngamiani, na kila siku alipita kwa miguu kwenda na kurudi. Mwanamume apande baiskeli mapaja nje mtaani humo humo? Na ubaya wake ni kwamba hata kulisema ilikuwa haiwezekani. Ukisema, "Naogopa mama mkwe ataniona mapaja," tayari umekwisha mtaja mkwe na paja kwa pumzi moja, na aibu umeshaifanya kwa mdomo.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Mjomba akaenda akachukua kazi. Kaptula aliyopewa akampelekea fundi cherehani, akaiunga kitambaa ikashuka chini ya magoti. Bwana mkubwa alipoiona alicheka mpaka akakohoa, akaagiza kiungo kikatwe hapo hapo. Basi yeye na Luka wakapanga yao. Mjomba atatoka nyumbani na msuri wake, kaptula ndani. Atauvua stoo ya ofisi. Barua za bandarini, za stesheni na za kwa Wazungu Raskazone ni zake. Barua za Ngamiani ni za Luka. Mpango ukaenda vizuri. Ramadhani ikaingia, Semeni yuko kwake, na Mzee Hatibu akaanza kumwita mjomba "mwanangu."

Sikukuu ikapita. Ndipo Luka akashikwa na homa.

Asubuhi hiyo karani akampa mjomba mkoba wote, na ndani yake mlikuwa na bahasha ya ofisi ya soko. Mjomba akajaribu kusema kesho. Karani akasema leo, tena sasa. Akapanda baiskeli, akafuata njia za nyuma nyuma, na alipokaribia soko akamwona Bi Mwamvua anakuja, buibui lake, kikapu mkononi, polepole. Hajamwona bado. Nyumba pale zimeshikana, hakuna kichochoro. Kulikuwa na mlango mmoja wa uani uko wazi. Mjomba akaitupa baiskeli ukutani akajitoma ndani.

Uani mlikuwa na wanawake wanasukana nywele, vichwa wazi, kanga kifuani. Wewe! Zilipigwa kelele! "Mwanamume! Mwanamume ndani!" Mmoja akachukua upawa, mwingine mchi. Mtu mwingine angekimbia. Mjomba hakukimbia, maana huko nje ndiko aliko mama mkwe. Akachutama nyuma ya pipa la maji, amejifunika magoti kwa mkoba wa barua, wanampiga, yeye anasema tu, "Samahani, dada zangu, nipeni nafasi kidogo. Kidogo tu." Na kadiri anavyoomba nafasi ndivyo wanavyozidi kumpiga, maana mtu gani huyo anayefumaniwa akaomba akae?

Alipotoka Bi Mwamvua ameshapita. Lakini mji ulishajua. Mpaka adhuhuri habari ilikuwa tarishi Idarusi huingia nyuani kuchungulia wake za watu. Ofisini hawakumfukuza, walimkaripia tu wakamwambia barua za Ngamiani sasa zitakuwa zake kila siku mpaka Luka apone. Yeye mwenyewe, Semeni akimwangalia, alifua kaptula, akaipiga pasi, akaikunja, akairudisha, na kazi akaiacha.

Jioni alikuja kwetu akamweleza mama yangu yote, kichwa chini. Mama akasimama kutafuta buibui lake.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwa Semeni, nikamweleze."

"Usiende. Ukimwambia Semeni atamwambia mama yake. Yule mama atajua mimi nilikuwa namwona anakuja, nami niko uchi. Nitamwamkia kwa uso gani?"

"Na mkeo je?"

Akamwapisha mama asimwambie mtu. Mama akaapa, na kwetu mtu akishaapa ameapa. Mimi nilikuwa nachambua mchele pale pale, wala hakuna aliyekumbuka kuniapisha.

Mzee Hatibu aliita kikao. Wanaume walikaa ukumbini: yeye, mwalimu wa msikiti na mjomba. Sisi wanawake tukakaa chumbani nyuma ya pazia: mama, mimi, Semeni, na Bi Mwamvua karibu kabisa na pazia, hata pumzi zake zilikuwa zinalitikisa. Mjomba, nilimwona kwa upenyo wa pembeni, aliketi akilitazama lile pazia.

"Nyumba yangu imetiwa matope," akaanza Mzee Hatibu. "Lakini mimi si mtu wa pupa. Kazi umeiacha kwa nini?"

"Imenishinda, baba."

"Kuendesha baiskeli kumekushinda?"

"Imenishinda tu."

"Na uani kwa watu uliingia kutafuta nini?"

Mjomba akarudisha macho kwenye pazia.

Mwalimu akamwambia taratibu, "Idarusi, mimi nimekusomesha juzuu tangu hujui kufunga msuri. Wewe si mchunguliaji. Nipe neno moja tu nikutetee nalo."

Nikamwona mama amejitia ncha ya buibui mdomoni anaing'ata. Semeni hakustahimili, akapaza sauti kutoka kule kule ndani, "Bwana Magunia, sema! Sema chochote, mimi nitakiamini!"

"Nyamaza, mtoto," akasema Bi Mwamvua. Alisema kwa sauti ndogo, lakini mjomba aliisikia, na nadhani kama alikuwa na neno, hapo lilirudi.

"Sina la kusema," akajibu.

Mzee Hatibu akamtaka talaka. Mjomba akaitoa, moja, kwa sauti ambayo mwalimu ilimbidi amwombe airudie. Semeni hakulia pale. Alikaa anatazama mikono yake, kisha akamwuliza mama yangu, "Wifi, nimeachwa kwa kaptula?" Mama, asije akavunja kiapo chake kile, akainuka akatoka nje. Mimi nikamfuata.

Eda ikaenda ikaisha. Mama alimsihi kila siku amrejee mkewe kabla haijaisha, na kila siku mjomba alisema atarudi vipi mbele ya baba mkwe kama bado hana neno. Baadaye Semeni akaolewa na mtu wa Ushongo, akahamia huko.

Mjomba akahamia chumba cha uani kwetu. Luka alipopona alikuja akamkuta, akakaa kwenye mkeka, akajilaumu sana kwa homa yake, kana kwamba homa alikuwa amekwenda kuinunua. Halafu akasema, "Basi sasa huna mkwe. Kazi bado ipo. Vaa."

"Nimemwacha Semeni, Luka. Mama yake sikumwacha. Kwa sheria yetu yule ni mama yangu mpaka nife."

"Hata kama binti yake ameolewa na mwingine?"

"Hata kama."

Luka akatikisa kichwa. "Basi nyinyi mnaoa mama," akasema, na mjomba akatabasamu kidogo, tabasamu la mwisho nililoliona kwa muda mrefu.

Aliendelea na magunia. Akirudi anafua msuri wake mwenyewe, anauanika upande wa kivuli, anakaa kiambazani kuungoja ukauke kana kwamba mtu anaweza kuuiba. Wanawake wa mtaa wakipita na watoto wao wa kike waliwavuta mkono. Alikuwa anawaona. Akazoea kuingia chumbani akisikia nyayo za wanawake, ili wasipate taabu ya kuvuta watoto. Mama alimtafutia mke mara kadhaa, huko Tongoni kwa jamaa zetu. Walipouliza habari zake Ngamiani, hawakurudi.

Mwaka wa hamsini na nane ofisi ile ikabadili utaratibu, matarishi wakapewa suruali ndefu. Luka alikuja mbio, yeye mwenyewe ameivaa, anajigeuza mbele yetu kama bibi harusi. "Hii hapa! Mpaka kisiginoni! Huna udhuru tena!" Mjomba akaenda, wakamchukua. Siku ya kwanza mama alimwambia, "Umependeza, Idarusi." Akaangalia ile suruali, akasema, "Imekaa," akapanda baiskeli.

Akapewa barua za Ngamiani. Na siku moja, kweli, akamwona Bi Mwamvua anakuja, amezeeka, kikapu kile kile cha viungo. Akateremka, akaiweka baiskeli pembeni, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alisimama. Labda alitaka kupita, akashindwa. "Kumbe umerudi kazini."

"Nimerudi, mama."

"Semeni ana watoto wawili. Hajambo." Akavuta buibui. "Ungeishika hii kazi tangu wakati ule, Idarusi. Sisi hatukukutaka ubaya."

"Ni kweli, mama," akasema mjomba, akampisha.

Alitusimulia jioni hiyo, amesimama mlangoni kwetu, hajavua hata vibana suruali vya baiskeli. Mama akasema kwamba sasa basi, kiapo kimechakaa, yeye kesho anakwenda sokoni kumwambia yule bibi kila kitu, na kama ni kulaaniwa na alaaniwe.

"Mwache, dada," akasema mjomba. "Amesimama kunijibu salamu. Ukimwambia, siku nyingine atapita upande wa pili kwa haya."

Mama akamwita aje ale pamoja nasi, kulikuwa na bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Akasema sahani yake apelekewe chumbani, ameshazoea.

Mimi ndiye niliyeipeleka. Alikuwa ameshabadili nguo, yuko na msuri wake, na ile suruali ameikunja vizuri ameiweka juu ya mto wa pili wa kitanda, ule ambao hakuna aliyeulalia. Akanishukuru, akanawa, akala.