Bi Tatu wa Marui, aliyetuita sote kwa majina

Kichwa changu bado kinakataa, ndugu zangu. Jana tumemzika Bi Tatu kule Marui, na mimi nimerudi Gwata na woga ambao sijawahi kuwa nao tangu nitoke kwetu Kasulu.

Kwa msiotujua: sisi ni watu kumi na wawili wa Kibaha na Kisarawe, tuna klabu ya redio. Siyo redio ya kusikiliza miziki. Ni ya kuongea. Unabonyeza, unasema, unamaliza kwa "ova", unaachia, mwenzako anajibu. Leseni tunazo.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri Bi Tatu alifungua mkutano akiwa nyumbani kwake, cherehani upande huu, redio upande ule. Anaita majina kutoka kwenye daftari, moja moja. Unajibu uko wapi na afya yako ikoje.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna kuongea kabla hajafungua, maana wakiongea wawili kwa pamoja hasikiki mtu. Ya pili, ukiitwa mara tatu ukanyamaza, anayekaa karibu na wewe anatumwa akapige hodi mlangoni kwako.

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia kwa sauti ya juu, "Shikamoo shangazi, ova!"

"Marahaba. Na hiyo redio usiikabe hivyo, Mha wewe, siyo mpini wa jembe. Nasikia mpaka unavyohema."

Kila aliyeitwa baada yangu alianza kwa kucheka.

Mimi shule niliishia la tano. Mtihani wa leseni nilitaka kuukimbia. Nikamwambia, shangazi, kichwa changu kigumu. Akasema, "Kigumu ndiyo kizuri, kikiingia kitu hakitoki." Akanifundisha wiki baada ya wiki mpaka nikafaulu.

Masika yaliyopita malaria ilinilaza. Nafanya kibarua kwenye shamba la kuku, nalala peke yangu chumba cha nyuma, na siku ile shifti yote ilikuwa mapumziko. Nikasikia jina langu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Redio ilikuwa mezani, hatua tatu tu. Nilishindwa kuifikia.

Jua halijazama, Joji wa Tangini, mwenzetu wa klabu, akawa mlangoni na pikipiki.

"Shangazi kasema nisirudi bila sauti yako. Haya, sema kitu."

Nikasema, "Maji."

Akabonyeza redio yangu pale mezani: "Yuko hai, anaomba maji."

"Mpe," Bi Tatu akajibu, "halafu mpakie hospitali. Akipona nitamsema mimi."

Na alinisema kweli, Jumamosi mbili mfululizo, kwa kulala bila chandarua.

Sasa Jumamosi iliyopita. Saa kumi nimekaa na redio yangu. Kimya.

Ikapita robo saa. Mtu akabonyeza mara mbili bila kusema, tik tik. Ndivyo tunavyoonyesha kwamba tupo. Mwingine naye, tik tik. Na mimi nikabonyeza. Nilihesabu, tulikuwepo wote kumi na moja. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulikuwa tunamsubiri mwenyewe afungue, kama sheria inavyosema.

Nikajiambia hiyo ni betri ya sola, mawingu yamekaa siku tatu. Joji alipiga simu, haipatikani, lakini kule kwake network ni ya kubahatisha siku zote. Saa kumi na moja nikazima redio nikaenda kulisha kuku.

Jirani alimkuta Jumapili asubuhi. Ameanguka katikati ya cherehani na redio. Redio inawaka.

Hakuna anayejua alianguka saa ngapi. Ndugu zake wanasema ni kazi ya Mungu, na mimi nakubali. Lakini nikifumba macho nasikia tik tik zetu zikiingia chumbani kwake, moja baada ya nyingine. Labda alishaondoka. Labda alikuwa anatusikia. Ninajua redio ikiwa hatua tatu kutoka ulipolala inakuwa mbali kiasi gani.

Msibani Joji alifungua lile daftari. Majina kumi na moja. La Bi Tatu halimo. Miaka yote anatuita, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza yeye anaitwa na nani.

Daftari wamenikabidhi mimi. Nilikataa. Joji akasema, "Wewe ndiye unayejua kuitwa ukashindwa kujibu. Hutampuuza mtu."

Naogopa, ndugu zangu, sifichi. Naogopa kukwama kusoma majina watu wakinisikia. Naogopa kuita mara ya tatu nisisikie kitu. Na jioni nikifunga mlango wa chumba hiki, mgongo umechoka kwa magunia, kwetu mbali, naogopa zaidi. Nikianguka mimi mwenye daftari, nani ataniita?

Basi nimeandika jina langu pale juu kabisa. Joji ataliita kabla sijafungua. Nikinyamaza, ile sheria ya kwanza muivunje. Ongeeni wote, pigeni kelele, njooni.

Na wewe unayesoma, yule anayekujulia hali kila wiki, usisubiri akuanze. Mtafute leo.

Shangazi, jana watu walipotawanyika nilibaki. Niliita jina lako mara tatu, kama ulivyotufundisha. Halafu nikapiga hodi kwenye udongo ule mbichi.

Nimefika, shangazi, ila nimechelewa. Nisamehe. Pumzika sasa, Jumamosi majina nitayaita mimi.