Nyumba ni Yake, Moto ni wa Nani?

Kila nikipuliza moto, mwanangu, kuna asubuhi moja ya mjini Baraka inarudi mbele yangu kama ya jana. Nilikuwa nimechuchumaa katika nyumba ya kupanga, karibu na ziwa, nafunga sufuria zangu ndani ya kitenge ili nihame. Mgongoni nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, Riziki, ambaye shingo yake haijakaza bado. Baba yake, Wilondja, alikuwa mbali, huko Lulimba, akichimba dhahabu. Wabelgiji ndio waliotawala. Wewe uliyezaliwa juzi utadhani nakutania, lakini siku zile watu wengi kukaa pamoja na kuzungumza shida zao kuliweza kuwafikisha kwa polisi.

Nyumba zetu zilikuwa safu moja ndefu, za udongo na mianzi, juu manyasi. Mwenye nyumba aliitwa Anselmi. Sisi tulimwita Kapita, maana zamani alisimamia watu kwenye maghala ya pamba, na alipoacha kazi ile, sauti yake haikuiacha. Mwaka huo makarani wa pamba walifika wengi wakitafuta pa kulala. Kapita akaongeza malipo ya nyumba, kisha akaongeza tena kabla hatujazoea yale ya kwanza. Hakutuita pamoja. Alipita mlango kwa mlango, akamwambia kila mmoja peke yake, na kila mmoja akafunga mlango na kulia peke yake. Mimi, kwa kuwa bwana hakuwapo, aliniambia nitoke kabla ya Jumapili, karani mmoja anakuja kuingia.

Haya ilinishika kuliko hasira. Nikawaza kwenda kwa dada yangu, kule Kazimia, kabla majirani hawajaenda kuteka maji, ili wasinione nimebeba vyombo. Sikufika mbali. Mlangoni nilikutana na Mama Ngena, mjane wa nyumba ya mwisho, mwanamke mfupi ambaye hata salamu yake ilikuwa kama anakugombeza.

"We Maria, unaenda wapi na mutoto muchanga?"

"Kwa dada yangu, mama. Kapita anasema nitoke. Nyumba iko yake."

"Nyumba iko yake. Na moto iko ya nani?"

Nikaegemeza mzigo wangu mlangoni.

"Nakuuliza. Siku uliingia humu, nani alikuletea moto?"

"Ni weye, mama."

"Na mafiga?"

"Mama Feza alileta moja, Mama Asende moja, na weye moja."

"Sasa unaacha mawe yetu kwa Kapita, hata kutuaga hapana. Kuku ndiye anafukuzwa jikoni anakimbia bila kuuliza. We iko kuku?"

Hapa ngoja nikueleze, maana ninyi mnapikia makala, makaa haya ya magunia. Katika safu yetu, mwanamke akiingia nyumba hakujiokotea mafiga. Majirani ndio walimletea, kila mmoja jiwe lake, na moto aliupata kwao. Mafiga yakitolewa nje na moto ukizimwa, nyumba hiyo imefiwa. Tena kuna jambo ambalo kila aliyelala chini ya manyasi analijua: moshi wa jiko ndio dawa ya paa. Unapanda, unapaka mianzi weusi, na wadudu wanaogopa. Nyumba isiyo na moshi huliwa.

Mama Ngena akaingia, akazima moto wangu kwa maji, akabeba mafiga yangu mpaka kwenye mchanga mbele ya nyumba. Kisha akaenda kwake, akatoa yake, akayapanga kando ya yangu. Hakuhubiri. Akawasha moto, akaweka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, akaketi.

Wa pili kuja ni Nyamahoro, aliyetoka milimani kwa wafugaji, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa. Sijui nani alimwelewesha. Alikuja na jiwe kifuani kama anabeba ndama, akaliweka chini, akarudi kuchukua jingine. Ndipo milango ikafunguka. Mama Feza. Mama Asende. Wabiwa na dada yake Echa. Mama Salima, mjamzito, mumewe akimbebea. Wote nawakumbuka, na wote leo wako udongoni isipokuwa mimi.

Jua lilipopanda juu ya ziwa, niligeuka nikaangalia. Hakukuwa na upepo. Moshi wa kila jiko ulisimama wima, mmoja kando ya mwingine, safu ndefu kama safu ya nyumba zenyewe, na nyuma yake milima ya Ubwari, ng'ambo ya maji, ikaonekana kama nchi nyingine. Nilikuwa nimelala nikijua niko peke yangu duniani na mtoto, kumbe nyuma ya kila ukuta wa udongo kulikuwa na mtu aliyelala akijua hivyo hivyo. Nimeona mambo mengi tangu hapo, hata uhuru niliuona ukiingia, lakini kilichonifunga mdomo kama moshi ule sijakiona.

Polisi alikuja. Akauliza, "Hii mukutano nani aliruhusu?"

Mama Feza akamsogezea kigoda. "Mukutano gani, baba? Tunapika. Kaa, ndagala ya ziwa iko karibu kuiva."

Alitafuta sheria inayokataza mtu kupikia nje, hakuiona. Akala, akaenda zake.

Kapita naye alicheka alipoyaona majiko yetu nje. Jumapili alinikuta mlangoni, wenzangu wameketi pembeni yangu hadi hapakuwa na pa kupita, akasema atarudi. Tulimpelekea malipo ya zamani, sote pamoja, akayakataa. Tukaendelea kulala ndani na kupika nje. Si kwamba ilikuwa rahisi. Mvua zilitupiga, tulifunika sufuria kwa majani ya migomba, na usiku nyumba bila moto ilikuwa baridi kama kaburi. Riziki alikohoa, nami nikasema moyoni, kesho narudisha mafiga. Mama Ngena akamchukua mtoto, akamlaza kifuani mwake mpaka asubuhi. Figa moja halishiki chungu, mwanangu. Usiku ule nilijua maana yake.

Mwisho, baada ya majuma kadhaa, Kapita akarudi na yule karani, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Karani akaingia kwangu kuangalia. Alipotoka, mabega yake yalikuwa yamejaa unga wa mianzi. Wadudu walikuwa wameanza kazi.

"Kapita," akasema, "hii nyumba yako inanyesha unga ya bugali?"

Tulicheka hadi mtoto wa Wabiwa akaamka. Karani akaondoka. Na wakati Kapita bado amesimama pale, mke wake, Mama Selina, akatoka katika nyumba yao ya mabati, jiwe mkononi.

"Mama Selina, unaenda wapi?"

"Kupika. Kwani leo hautakula?"

Akaliweka jiwe lake mwishoni mwa safu. Kapita akamtazama, akatutazama sisi, akauliza taratibu, "Munataka nini?"

Mama Ngena akakoroga sufuria kwanza. "Tunataka kupikia ndani."

Tukapatana palepale. Malipo yarudi yalivyokuwa. Asitolewe mwanamke ambaye mumewe yuko safarini wala mwenye mtoto wa mgongoni. Akiwa na neno, atuambie wote. Manyasi mapya alikataa kuleta, alitoa mianzi tu, manyasi tukakata wenyewe. Kisha Mama Ngena akachomoa kijinga cha moto, akampa. "Weye ulifanya tuzime. Weye uwashe."

Mlango wangu ulikuwa mfupi. Kapita aliyezoea kusemea nje, siku hiyo aliinama, akaingia na moto.

Basi, mwanangu, nakuambia hivi. Mwenye nyumba akija kukuambia peke yako, usijibu peke yako. Gonga ukuta kwanza, huko upande wa pili kuna mtu. Usihame kwa aibu ya jambo ambalo si kosa lako. Na jirani akiingia mpya, awe wa mlimani au wa ziwani, mpelekee jiwe lake kabla hajaomba.

Mungu akupe paa jeusi kwa moshi, na moto ambao wengine watakuja kuuomba.