Moshi Mweusi wa Trekta la Mvuke

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada ya upigaji picha, na kwa jinsi ninavyowajua binamu zangu, huenda nikawa wa mwisho. Imetundikwa hapa Kalemie, katika studio niliyoisimamisha kwa jasho langu, juu kidogo ya kioo ambacho wateja hujitazamia. Anayechana nywele hana budi kuisoma. Lakini ilibaki kidogo tu niikose, na sababu ilikuwa moshi.

Marekani nilianzia Louisville, upande wa Okolona, nikifunga maboksi kwenye ghala. Nilifunga vizuri kuliko wote. Msimamizi mwenyewe alikiri, ingawa alikiri mara moja tu. Huko nikanunua kamera. Jumapili nilipiga picha za ndoa na ubatizo za Wakongo na Warundi wa kanisani kwetu, na hakuna bibi harusi aliyetoka kwenye picha zangu na chunusi. Baada ya miaka miwili Louisville ilikuwa imenitosha. Nikahamia Columbus, mchana kiwandani, jioni chuoni.

Mwaka 2015 nilibakiwa na kazi moja: picha kumi na mbili za tukio moja, zitundikwe ukutani chuoni siku ya Ijumaa mbele ya wasahihishaji. Kila mtu aliyeonekana kwenye picha alipaswa kutia saini karatasi ya kukubali. Bila saini hakuna kutundika, na bila kutundika hakuna stashahada. Wenzangu walipiga picha za paka na masoko ya mboga. Mimi nilichagua maonyesho ya mashine za mvuke, mwendo wa saa moja kutoka mjini, katikati ya mashamba ya mahindi. Huko wazee hukusanyika na matrekta ya zamani yanayotembea kwa kuchemsha maji, wakayaendesha polepole, wakashuka, wakayafuta vumbi, wakayaendesha tena.

Wiki ya maonyesho baba alikuwa amenitembelea kutoka Buffalo, alikokuwa akikaa na dada yangu mtaa wa Riverside. Zamani, kabla vita havijatusukuma hadi kambini Kigoma, baba alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi la hapa Kalemie. Kazi yake ilikuwa kutupa makaa ya mawe kwenye tanuri. Nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, nikampa mwavuli wangu wa kutawanyia mwanga wa picha anishikie.

Hakuushika. Aliuweka chini, akasimama mbele ya trekta moja jeusi lenye magurudumu ya chuma yanayomzidi kimo, akainua macho hadi juu ya bomba. Mwenye trekta, mzee wa ovaroli aliyejaa masizi, alikuwa akitia makaa. Bombani ulitoka moshi mwembamba wa kijivu, kama wa jiko linalozimika. Kwa picha, moshi wa namna hiyo haufai kabisa.

"Uyu anajua kazi," baba akasema.

"Papa, sogea kidogo, umeingia kwenye picha."

"Bon, angalia. Anatia kidogo kidogo, anatandaza. Hajazi."

"Papa, mguu."

Nilimpiga yule mzee na trekta lake picha mia nne. Baba akarudi Buffalo kwa basi, nami Jumatatu nikaketi kwenye kompyuta. Kupiga picha ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kurekebisha pale siku ilipokosea. Mbingu ilikuwa nyeupe, nikaitia buluu. Shaba iling'aa, nikaing'arisha. Nikafika kwenye moshi. Nilivyozidi kuongeza weusi, ule moshi wa kijivu ukaanza kupata heshima. Nilipomaliza ulikuwa mweusi ti, mzito, umepanda hadi ukingo wa picha kama wa tairi zinazochomwa. Nikajipongeza kwa sauti. Nilikuwa peke yangu, hivyo hakuna aliyepinga.

Nikamtumia baba picha moja kwenye simu ya dada. Hazikupita dakika tano, akapiga.

"Weye, nani aliharibu moto ya ule mzee?"

"Hakuna aliyeharibu, Papa. Ni rangi tu. Ni sanaa."

"Moshi ya vile inatoka kama mtu anajaza makaa yote mara moja, halafu anaenda kulala. Kwetu kwa reli, chef, mkubwa wa kazi, angekuita mbele ya watu bote."

"Papa, haya mambo yanasomewa."

"Donc weye ulisomea moshi?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumatano niliendesha hadi shambani kwa yule mzee na picha zangu kumi na mbili na karatasi ya saini. Alizipanga kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani, akafungua kalamu. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la unyenyekevu.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, mzee."

"Na moshi huu ni wangu?"

"Nimeuongezea nguvu kidogo."

Akaifunika kalamu. "Kijana, nimewasha moto wa trekta hili miaka arobaini. Baba yangu angenikuta na moshi wa namna hii, angeninyang'anya beleshi. Na wenzangu wote watakuja kuziona hizi. Sitii saini."

Nikamweleza habari za mwanga na kivuli. Nikamweleza habari za stashahada, na kwamba Ijumaa ni keshokutwa. Akanisikiliza kwa adabu, akanimiminia kahawa, kalamu bado imefunikwa. Basi nikafanya jambo ambalo msomi hulifanya kwa shida. Nikampigia baba, nikaweka spika.

"Papa, mwenye trekta anakataa kutia saini."

"Juu ya moshi?"

Nikaikoroga kahawa yangu.

"Juu ya moshi," baba akamwambia dada yangu pembeni, nikamsikia dada akicheka. Kisha akasema, "Umuulize anatia beleshi ngapi kwa mara moja."

Nikatafsiri. Mzee akasogeza kiti karibu na simu. "Mbili, tena si za kujaa. Halafu nafunga mlango wa tanuri upesi."

"Na makaa anavunja?"

"Navunja, ukubwa wa ngumi."

"Ngumi ya nani?"

Mzee akaiinua ngumi yake mbele ya simu, kana kwamba baba aliiona kutoka Buffalo. Waliendelea hivyo karibu saa nzima, nami katikati nikitafsiri vyuma nisivyovijua kwa lugha yoyote kati ya zangu nne. Mwishoni baba akasema, "Umuambie mimi niliona moto yake kwa macho. Ilikuwa safi. Ni uyu mtoto wangu aliichafua, na ataisafisha."

Nilipofika kwenye "uyu mtoto wangu" nilifikiria kupunguza kidogo, lakini mzee alikuwa akinitazama usoni. Nikatafsiri yote.

"Basi azisafishe," mzee akasema. "Baba yako azione kwanza. Akizikubali, natia saini."

Alhamisi niliomba ruhusa kiwandani, nikazirudia zote kumi na mbili kutoka kwenye picha za awali, ambazo mtu makini kama mimi hazifuti. Nikamtumia baba kwenye simu ya dada, akazirudisha mbili. "Bado. Iko nyeusi kwa shingo ya bomba." Nikasafisha shingo ya bomba. Jioni nikaendesha tena hadi shambani, mzee akatia saini akiwa amesimama, akaniomba nakala ya ile ya saba.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Buffalo na stashahada yangu ndani ya bahasha ngumu. Baba alikuwa ameketi barazani Riverside. Nikamsomea pia maoni ya wasahihishaji, kwa sababu sifichi kitu: mpangilio mzuri, macho makini, ila moshi umepauka mno, mwanafunzi ajifunze kuwa jasiri na weusi.

Baba akafikiri.

"Uyo mwalimu alitumika kwa reli gani?"

"Hajafanya kazi kwenye reli yoyote, Papa."

"Na weye umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Bon. Umuache."