Odette Akagua Mtaalamu

Odette alikuwa wakala wa manunuzi pale Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China. Wafanyabiashara wa kwao Lubumbashi wakitaka chochote, kuanzia vigae hadi nywele za bandia, yeye ndiye aliyejua kiwanda, bei, na uongo wa mwenye kiwanda. Kazi yake ilikuwa na sheria moja: bila sampuli, hakuna oda. Kwa sheria hiyo hakuwahi kupakia kontena la aibu, na alilisema hilo hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Ndipo mdogo wake, Larissa, alipojifungua mtoto mfu. Alirudi kutoka hospitali, akalala akiutazama ukuta, akawa hali chakula mpaka abembelezwe. Odette alimnunulia matunda, akamwitia waombaji wa kanisani, akabadilisha mapazia. Mapazia yalipendeza. Larissa hakuyaona, na Odette akaanza kuogopa kweli kweli.

"Mtafutie mtaalamu wa ustawi wa jamii," alisema jirani yao Loyce, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Mwanza. "Lakini awe na leseni ya ushauri."

Odette hakuuliza anapatikana wapi. Kutafuta ndiyo kazi yake, angeulizaje? Akaenda mtaa wa Dengfeng, wanakokaa Waafrika wengi, akaulizia kwa wauza simu na wabadilisha fedha. Mmoja alimjibu "meiyou", yaani hakuna, kabla hajamaliza swali. Mwingine alimpa namba ya fundi wa majokofu. Mwishowe alimeza kiburi, akamrudia Loyce, naye akamwelekeza kwenye kituo cha huduma za jamii nyuma ya soko la mboga, mahali alipokuwa akipita kila siku.

Huko alimkuta Bi Liang, mama mwenye miwani, aliyezungumza Kifaransa safi kuliko cha Odette. Jambo hilo lilimuudhi kidogo. Odette alimweleza yaliyompata Larissa, kisha akaomba leseni, akaipiga picha mbele na nyuma, akaukwaruza muhuri kwa kucha. Akauliza bei, akaambiwa ni bure. Hapo mashaka yakamwingia, maana tangu afike Guangzhou, kila kitu cha bure alichopewa kilikuwa na tatizo kwenye zipu.

"Basi nipe sampuli," alisema. "Fanya kama mgonjwa ni mimi."

Bi Liang hakucheka. Alimvutia kiti, akamuuliza, "Tangu mtoto afariki, wewe unalalaje?"

Odette alijibu kwamba analala vizuri sana, asante. Kisha akaeleza kwamba ni yeye aliyempakata yule mtoto pale hospitalini, ni yeye aliyekuwa amemchagulia jina, na kwamba tangu siku ile hakuna aliyemuuliza yeye chochote. Alilia kwa uchungu mpaka Bi Liang akaenda kutafuta boksi jingine la tishu.

Asubuhi alikuwa amemwambia Larissa kwamba anakwenda kumkagua mama mmoja mshauri; alirudi nyumbani macho yamevimba. Larissa akageuka kutoka ukutani, akamwita dada yake kwa lugha ya kwao.

"Yaya, ule mama amekufanya nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa naangalia kama ni muzuri."

"Na ni muzuri?"

Odette alifungua mdomo kujibu, kilio kikaanza upya. Larissa aliinuka, akaketi kitandani, akauliza viatu vyake viko wapi.

"Kesho nitakupeleka," alisema. "Weye hauko sawa."

Odette hakubisha, na hilo peke yake lilikuwa habari. Kesho yake walikwenda wameshikana mikono. Bi Liang akawafungulia mlango, akauliza leo mgonjwa ni nani, na kila mmoja akamwonyesha mwenzake.