Konokono Walioota Miguu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Juba ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi, na sisi tuliolelewa ukimbizini Kenya tulikuwa tunarudi nyumbani kutafuta kazi. Mimi nilitoka Mombasa, ambako nilikuwa nafuta vioo vya matangi ya samaki hotelini. Basi mwenye hoteli moja jirani na mtaa wa Juba Na Bari alipotaka kuweka tangi la maji ya chumvi pale mapokezi, akaniita mimi. Bahari ndani ya kioo, katika mji ambao wakazi wake wengi hawajawahi kuiona bahari! Matumbawe na samaki walikuja kwa ndege, ndani ya mifuko ya maji.

Haukupita muda, mwani wa kijani ukafunika mawe na kioo. Nikaagiza wasafishaji: konokono wa baharini, na wale kaa wenye tumbo laini wanaojificha ndani ya magamba ya konokono waliokufa. Mama aliyeniuzia kule Mombasa alinishauri kwa simu nichukue konokono wengi, kaa wachache wa ile aina isiyokua sana, na magamba matupu ya ziada. Mimi nikataka kaa wakubwa, wekundu, tena wengi, ili kazi iishe haraka. Magamba matupu ya nini? Nikayakataa.

Tangi liling'aa, wageni wakapiga picha. Kisha siku moja dada wa mapokezi akaniambia konokono mmoja anakimbia. Nilicheka, nikainama kutazama. Yule konokono mwenye ufa mweupe mgongoni, niliyezoea kumwona amenata kiooni, alikuwa anakwenda mbio mchangani. Chini ya gamba lake kulikuwa na miguu.

Wakaongezeka. Jenereta ikizimwa na pampu zikinyamaza, tulisikia kitu kikigonga kioo kwa ndani, polepole, kama kucha. Wageni wakaanza kuhamisha viti. Na wafanyakazi wakampata wa kumlaumu: Mama Poni, mjane aliyetupikia chai, aliyeishi peke yake mtaa wa Hai Mauna. Kila asubuhi alisimama mbele ya tangi akinong'ona. Wakasema anawaita wafu waingie katika konokono. Asubuhi moja mkuu wa walinzi akaapa kwamba jioni wataichoma nyumba yake.

Nilimfuata Mama Poni jikoni. Nikamwuliza, "Mama, unasema nini pale kwenye tangi?"

"Mimi naomba Mungu," akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini Uganda. "Huku jikoni kelele mingi. Lakini wewe, umekaa ukaangalia hiyo kitu, ama umesikia watu tu?"

Nikakiri kwamba sijakaa kuangalia.

"Basi leta kiti."

Tukakaa wawili. Mawingu ya mvua yalikuwa yametia giza mapokezi, na jenereta ilikuwa imezimwa. Kaa mmoja mwekundu akamkaribia konokono, akamkumbatia, akaligeuza gamba. Akaingiza gando ndani, akavuta. Alivuta kipande kwa kipande, bila haraka, hadi gamba likabaki tupu. Akalipima kwa vipapasio vyake. Halafu, mwanangu, akachomoka katika gamba lake la zamani, uchi, mkia umejikunja kama kidole cha mtoto mchanga, akazama katika lile jipya. Konokono aliyekufa akasimama, akatembea. Gamba likagonga kioo.

Mama Poni akanishika mkono. "Ya Rabbi! Huyu hapana shetani. Huyu iko na njaa, na nyumba yake imekuwa ndogo."

Nikawaita wote. Mkuu wa walinzi akaja na fimbo yake, akamwona kaa wa pili akifanya vilevile, akarudi langoni, na nyumba ya Mama Poni haikuchomwa. Hakuna aliyemwomba mama yule msamaha. Mimi nikampigia simu yule muuzaji, magamba matupu yakaja, nikaanza kuwalisha kaa, na mauaji yakapungua.

Lakini kesho yake Mama Poni alikwisha kufunga vitu vyake katika kanga. "Jana wanataka kuchoma mimi, leo wanataka chai yangu? Khalas, imekwisha." Akaenda kuuza chai sokoni Custom, na chai ya hoteli ile haikuwa na ladha tena.

Basi nisikilize. Ukileta kiumbe akufanyie kazi, awe mnyama au mtu, uliza kwanza atakula nini kazi itakapokwisha, na ataishi wapi atakapokua. Usipouliza wewe, yeye atajitafutia, na hutapenda atakachopata. Na ukisikia kundi linamsengenya mtu mmoja asiye na wa kumtetea, usiongeze sauti yako. Kaa karibu naye, utazame kwa macho yako mwenyewe, hata kama unaogopa. Mimi niliogopa sana.

Mungu akupe moyo wa kutulia penye hofu, mwanangu, na akuepushe na ndimi za watu. Amina.