Ngamia wa Alasiri

Chekeni tu, hata mimi nimejicheka. Nafanya utafiti hapa Habaswein. Tumefukia ardhini vitambuzi, vidude vinavyohisi mtikisiko wa nyayo za ngamia na kurusha habari kwa redio hadi kwenye kompyuta ofisini. Kompyuta yenyewe naifunika kanga ya mke wangu Mwanaisha isiingie vumbi. Mwanaisha aliahidi kunifuata kutoka Mombasa, aje na lori la Garissa. Siku gani, hakusema, na simu hapa hakuna.

Basi kila alasiri kitambuzi cha kando ya barabara kikawa kinaonyesha kundi zima la ngamia likizunguka pale pale. Mzee Abdi, mfugaji jirani yetu, akakataa katakata.

"Wallahi, hapo maji hakuna. Ngamia nafanya nini hapo?"

Nikamjibu kwamba mashine haidanganyi. Nikajisifu hadi kwa mkuu wetu, naye akaja kutoka Nairobi kujionea.

Jana alasiri, mkuu na Mzee Abdi wakiikodolea macho kompyuta, mimi nikachomoka kwenda barabarani, kwenye kimti ninaposimama kila siku kungoja lori. Vumbi likaonekana kwa mbali. Nikaanza kwenda na kurudi, shingo nimeinyoosha, buti zikipiga chini. Lori likasimama, wakashuka watu, wakashushwa mbuzi. Mwanaisha hakuwemo.

Mara mkuu akatokea mbio. "Kundi limefika! Liko wapi?"

Akanikuta peke yangu. Mzee Abdi, aliyekuwa nyuma yake, akaziangalia buti zangu, kisha akauliza taratibu:

"Sasa ngamia hii nangoja nani?"